Mnara wa Majina Manne

Pembe ya msaragambo ilipolia Jumanne ile, Yudith alikuwa amekwisha kuchagua jiwe lake. Siku mbili nzima alikuwa akilizunguka kule mwisho wa shamba, jiwe jeusi ukubwa wa kichwa cha ndama, akilisukuma kwa mguu kuona kama atalimudu. Alijitwika akapanda nalo, na mtu asikudanganye, kutoka kwake mpaka njia panda ya shule ni mlima mtupu. Familia nyingine nne zilizopeleka mawe siku hiyo zilikuwa na wana na wakwe wa kupokezana. Yeye alilibeba mwenyewe mpaka juu, akipumzika kila kona, na waliompita walimpa pole wakaendelea na safari yao. Watu wa milimani bwana! Pole wanazo tele, mabega ndiyo hawana.

Mwaka ulikuwa 1988. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka tisa iliyopita, na kijiji hiki cha Upare wa Kusini, kule juu upande wa msitu wa Shengena, kilikuwa kimepoteza watu watano. Mnara wa kuwakumbuka ulipangwa tangu mwaka 1980. Ungejengwa kwa nini? Saruji ilikuwa haionekani hata kwa dawa. Sabuni yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni kwenye duka la ushirika, na siku ya msiba sanda ilikuwa mtihani kuipata. Sasa biashara imeachiwa, maduka ya Same yamejaa, saruji inashushwa kwenye malori mchana kweupe, basi kijiji nacho kikawakumbuka wafu wake. Msaragambo ukaitwa. Kwa Wapare hilo si jambo la hiari: pembe ikilia, kila kaya inatoa mtu kwenda kufanya kazi ya wote, iwe barabara, iwe mfereji, iwe ndiva ya kukusanyia maji ya kumwagilia. Safari hii iliamuliwa kwamba kila familia iliyofiwa ilete jiwe moja kutoka shambani kwake likae kwenye msingi, na juu yake fundi achonge majina.

Mwalimu Wilbard, mwalimu mstaafu aliyekuwa katibu wa ujenzi, aliita watu kutoka kwenye daftari lake. Kule kaya huitwa kwa jina la mwenye nyumba, hata kama mwenye nyumba ni marehemu wa zamani.

"Kaya ya Isihaka Majaliwa!"

"Nipo," Yudith aliitika, akatua jiwe.

Miaka tisa alikuwa akiitikia hivyo, na kila mara alijiona mwongo. Kwa sababu mumewe hakuitwa Isihaka. Na alivyojua yeye, hapakuwa na mtu mwingine aliyelijua hilo huku Upareni, kuanzia milimani mpaka nyikani.

Walikutana mwaka 1967. Yudith alikuwa msichana wa miaka ishirini, binti wa Mzee Anaeli, mzee wa kanisa la Kilutheri ambaye akikohoa watoto wa jirani nao walinyamaza. Kila Jumamosi alishuka na wenzake mpaka kwenye shamba la katani kule nyikani, upande wa Makanya, kuwauzia wakata mkonge ndizi na magimbi. Manamba, ndivyo walivyoitwa, watu wa Kigoma, Songea, Iringa, kila mtu na lugha yake, wakikaa kambini kwenye vyumba vya mstari. Mmoja wa Kigoma alinunua kichana kizima cha ndizi, akakaa pale pale chini akazila zote huku akimtazama. Yudith akamuuliza kama kwao hakuna chakula.

"Kipo," akajibu. "Ila ningenunua mbili tu, saa hizi ungekwisha kwenda zako."

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yudith hakucheka, na hapo ndipo wenzake walipojua kwamba mambo yameharibika.

Mzee Anaeli aliposikia jina la mchumba hakutaka kusikia la pili. "Isihaka? Binti yangu mimi, mzee wa kanisa, aolewe na Isihaka wa msikitini? Mmanamba asiyejulikana kwao?" Akasema mlango huo umefungwa, na Yudith akatoka kwa huo huo mlango na khanga mbili. Kaka yake, Tumainieli, ndiye aliyetumwa amfuate njiani amwambie asirudi. Alimwambia vile vile alivyotumwa, neno kwa neno, wala hakuongeza hata la kwaheri.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Walikuwa na mwezi wa tatu kambini, Jumapili, wanafua nguo mferejini, mume akamwambia, "Yudith, mimi siitwi Isihaka."

Yudith akadhani ni utani. "Unaitwa nani, Gavana?"

"Bukuru. Kwetu pacha wa kwanza ndivyo anavyoitwa. Mwenzangu alikufa mdogo." Akaendelea kusugua kola ya shati. "Mwaka 1958 wakala wa mashamba alikuja kwetu kuandikisha watu. Mimi akaniangalia kifua akasema huyu arudi kwao akanyonye. Jirani yangu, Isihaka Majaliwa, akachukuliwa, akapewa kipande cha kuandikishwa kazi na blanketi. Siku ya treni Isihaka akalia kama mtoto, hawezi kumwacha mama yake. Basi akanipa mimi kipande."

"Na blanketi?"

"Blanketi akabaki nalo."

Yudith alicheka mpaka shati likachukuliwa na maji, ikabidi wakimbizane nalo. Kisha kicheko kikamkatika. Alikumbuka maneno ya baba yake. "Kwa hiyo wewe si Isihaka! Twende ukamwambie baba."

Bukuru alikataa. Kipande kilisema Isihaka, kadi ya chama ilisema Isihaka, daftari la shamba lilisema Isihaka. Wakijua alidanganya watamfukuza, pengine watamfunga. Na siri ikifika kwa mzee wa kanisa itafika kanisa zima, na kutoka kanisani mpaka kwa karani wa shamba ni mwendo wa siku moja. "Niahidi hutasema," alimwambia. Yudith aliahidi, halafu akamnunia wiki nzima. Alimpikia, lakini hakumsemesha. Baadaye alizoea. Nje alimwita Isihaka kama wote, ndani ya chumba chao alimwita Bukuru, na akaona raha kuwa na jina la mtu mdomoni mwake peke yake. Waliishi hivyo miaka kumi na moja. Mtoto hawakujaliwa.

Novemba 1978 mgambo wa shamba waliitwa vitani. Katikati ya mwaka uliofuata, vita vikiwa vimekwisha na watu wanashangilia barabarani, barua ikaja. Isihaka Majaliwa amefariki akiitetea nchi yake, amezikwa huko huko Kagera. Wanawake wa kambi walimjaa Yudith chumbani, wakalia, "Isihaka wee! Isihaka umetuacha!" Yeye alifungua kinywa na sauti haikutoka. Angemlilia nani? Jina analolijua lilikuwa halitamkiki mbele za watu, na wanalolilia lilikuwa la mtu asiyemjua. Alikaa akishika tama siku tatu, macho makavu, na baadhi yao wakanong'ona kwamba mwanamke huyu hakumpenda mumewe. Hivi mnaujua ubaya wa kuliliwa mumeo kwa jina la mtu mwingine, na wewe ushindwe hata kusahihisha?

Akarudi mlimani. Mzee Anaeli alikuwa amefariki, na Tumainieli, aliyerithi nyumba na shamba, alimpa kipande cha mteremko na kibanda cha vyumba viwili. Hakumtesa, hilo tuseme kweli. Alimsalimia asubuhi, akamletea dawa alipougua, lakini kumzungumzia marehemu hakuthubutu. Ikimlazimu sana alisema "yule mtu wako." Miaka ile ya shida ikapita, Yudith akalima maharage na tangawizi, akala peke yake, akalala peke yake, akaitika "nipo" kila pembe ilipolia. Jioni nyingine alilitamka lile jina akiwa jikoni, taratibu, aone kama bado linatoka.

Kwa hiyo alipotua jiwe lake siku ile ya Jumanne, furaha ilimwishia hapo hapo. Alimsikia Mwalimu Wilbard akimsomea fundi majina matano ya kuchonga, la mwisho Isihaka Majaliwa, na akaona kwamba sasa hata jiwe litamkana mumewe. Watu walipotawanyika, alimfuata Mwalimu mpaka kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Mbona uko hivyo?"

Akamweleza yote. Mara ya kwanza katika maisha yake. Mwalimu Wilbard alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kuna karatasi yoyote yenye hilo jina la Bukuru?"

"Hakuna."

"Mtu mwingine anayejua?"

"Hakuna, Mwalimu. Mimi tu."

"Bukuru wa nani? Baba yake anaitwa nani?"

Miaka kumi na moja ya ndoa, na Yudith hakuwahi kuuliza. Alitamani ardhi ipasuke.

"Unaona," Mwalimu akasema kwa upole. "Barua ya jeshi inasema Isihaka. Mgeni wa wilayani atakuja na orodha yake, nayo inasema Isihaka. Nikichonga jina jingine nitaulizwa, na nikijibu kwamba alijiandikisha kwa jina la mtu, watasema tufute yote. Fundi anaanza kuchonga Jumatatu. Ama Isihaka, ama pasiandikwe kitu. Ningekuwa wewe ningekubali Isihaka, mwanangu. Sisi tutajua ni mumeo."

Alhamisi Yudith aliteremka Makanya kutafuta shahidi. Alianzia shambani, na shamba lilikuwa limekufa. Mashine ya kusindika katani imenyamaza, mkonge umeachwa mpaka ukatoa milingoti, vyumba vya mstari havina mapaa. Manamba walikuwa wamesambaa, wenye nauli wamerudi kwao. Jirani yake wa zamani tu, Mwanamkasi, ndiye aliyempata, kando ya barabara kuu, katikati ya wauza mitumba, akikaanga perege waliotoka Ziwa Jipe.

"Yudith! Mama weee, umekonda kama fimbo!" Mwanamkasi alimkumbatia na mikono yenye mafuta. Aliposikia shida yenyewe hakushtuka hata kidogo. "Sasa hilo ndilo limekutoa mlimani? Nani pale kambini alikuwa na jina lake? Marehemu wangu mlikuwa mnamwita Saidi. Saidi alikuwa binamu yake! Nusu ya kambi ilikuwa inavaa majina ya watu kama wanavyovaa hii mitumba."

"Basi njoo ushuhudie."

"Mimi? Nikawaambie wazee wa Kipare kwamba mimi mwenyewe nilizika mume kwa jina la binamu? Watanifukuza, na wewe wakufukuze." Akageuza samaki. "Halafu huyo Isihaka wako yupo, unajua? Yule mnyapara aliyerudi kwao Kigoma aliniletea salamu mwaka jana kwa dereva wa lori. Akasema, mwambie Mwanamkasi nimemwona Isihaka Majaliwa halisi, anauza mawese, mnene huyo! Hajaoa mpaka leo. Yuko na mama yake, kikongwe hasa, anamlisha uji kwa mkono wake."

Yudith alipanda mlima na samaki wawili aliopewa, na njia nzima alikuwa anabishana na nafsi yake. Nani atajua? Kigoma ni mwisho wa nchi. Huyo muuza mawese hatakanyaga Upareni, wala mama yake hajui kusoma. Isihaka likiandikwa, siku ya uzinduzi yeye Yudith ataketi kwenye benchi la mbele na wafiwa wenzake, atapewa mkono, na siku nyingine zote atakuwa na mahali pa kwenda kukaa na kulia bila mtu kumuuliza kitu. Miaka tisa alikuwa akitamani mahali hapo. Alifika kwenye daraja la miti akiwa amekwisha kukubali, kabisa, kwamba Isihaka liandikwe.

Lakini yule kikongwe wa uji hakumtoka kichwani. Alimwona anavyofungua kinywa. Mwanamke ana mtoto wake hai, mtoto aliyelia hataki kumwacha, na huku milimani watu wasiomjua wamchonge mtoto huyo kwenye jiwe la waliokufa, wamwekee maua na mchungaji amwombee. Hakulala vizuri, hakula wale samaki, na Jumamosi asubuhi alikuwa kwa Mwalimu Wilbard.

"Usiandike, Mwalimu."

"Yudith, fikiri vizuri."

"Nimefikiri mpaka kichwa kinaniuma. Isihaka yuko hai na mama yake yuko hai. Siwezi kumweka mtoto wa mwenzangu kwenye orodha ya maiti ili mimi nipate pa kulilia."

"Watu watauliza kwa nini jina limeondolewa. Watasema maneno."

"Waseme."

Mwalimu aliushika mkono wake, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akakata jina la tano kwenye karatasi ya fundi, na Yudith akasimama kuangalia mpaka mstari ulipofika mwisho.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada. Kwaya iliimba, mgeni wa wilayani alihutubia, pazia likavutwa. Majina manne. Wafiwa wa kila jina walisimama kwenye benchi la mbele wakapewa mkono, mama mmoja akaanguka juu ya mawe akilia, na wanawe wakamwinua. Yudith alikuwa nyuma kabisa na watazamaji, amejifunga khanga yake ya kanisani. Alilia kidogo kwa ajili ya wale wanne; wawili kati yao alikuwa akicheza nao utotoni. Ila minong'ono ilikuwa imeanza. Yule wa Yudith mbona hayumo? Si alikufa vitani? Aaa, kumbe hakufa! Kumbe alitoroka jeshini! Ndiyo maana mkewe hakutoa chozi! Mtu mmoja akamwambia mwingine, na kabla pilau haijapakuliwa kijiji kizima kilikuwa na hakika kwamba Isihaka alikuwa mwoga aliyekimbia risasi. Yudith aliyasikia yote. Angepayuka palepale, lakini angeanzia wapi? Aliondoka bila kula.

Alasiri Tumainieli alimfuata kibandani, anatweta kwa hasira.

"Umetuaibisha! Nimekaa na wageni, watu wananiuliza kama ni kweli tulioza dada yetu kwa mtoro wa jeshi! Na Mwalimu anasema wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia afute. Umepata wazimu?"

"Kaa, kaka."

"Sikai!"

"Mume wangu hakuitwa Isihaka," Yudith alisema. Akamwambia. Kipande, treni, blanketi, muuza mawese, kikongwe. Tumainieli alisikiliza akiwa amesimama, halafu akaegemea ukuta, halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Baba alikukatalia kwa sababu ya jina," alisema baadaye sana.

"Najua."

"Jina ambalo hata halikuwa lake."

"Najua, kaka."

"Na mimi nikaja njiani kukwambia usirudi." Tumainieli alivua kofia yake ya kanisani, akaizungusha mikononi. Alikuwa na miaka hamsini na mvi tele, na uso wake ulianza kumshinda. "Kwa hiyo huyu mtu, tangu amekufa, hakuna mtu aliyemlilia?"

Yudith akatikisa kichwa. "Hata mimi."

"Shemeji Bukuru," Tumainieli akasema. Akaanza upya. "Shemeji yangu Bukuru, utusamehe."

Yudith hakuwahi kulisikia jina hilo likitoka kwenye kinywa kisichokuwa chake. Akaanguka sakafuni, na kilio kilichokuwa kimekwama tangu kambini kikatoka chote, "Bukuru weee! Bukuru wangu!" kikavuka shamba kikafika njiani. Tumainieli naye aliinama juu ya kofia yake akalia kwa sauti, mtu mzima yule, bila aibu.

Njiani alikuwa anapita Koleta, jirani wa mtaa wa chini, na mzigo wa kuni. Aliacha njia akaja mbio mpaka mlangoni.

"Jamani kuna nini? Nani amefariki?"

"Shemeji yangu," Tumainieli alimjibu bila kuinua kichwa. "Bukuru."

"Maskini! Lini?"

"Mwaka sabini na tisa."

Koleta alisimama pale na kuni zake kichwani, akamtazama mwanamume anayelia, akamtazama Yudith aliye sakafuni. Akatua kuni, akavua ndala, akaingia akakaa chini kando yake.